Kura 26 na kura 24: kuzielewa nyumba mbili za Bunge letu

Mswada wenye kelele ukitua Bungeni, swali la kwanza mitandaoni huwa: "Na Seneti iko wapi?" Mara nyingi jibu ni kwamba mswada huo haupiti Seneti kabisa. Juni 25, 2024, Bunge la Kitaifa la Kenya lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi, kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakiwa wamelijaa jiji la Nairobi. Aliyemtumia seneta wake ujumbe siku ile akimsihi apige kura ya hapana alimsumbua bure. Mswada wa kodi huanzia Bunge la Kitaifa, huishia Bunge la Kitaifa, kisha hupelekwa kwa Rais. Seneta hana kura pale, hata akiwa na uchungu kiasi gani.

Tumezoea kusema "bunge la juu" na "bunge la chini", lakini Katiba ya 2010 haikutaja juu wala chini. Kifungu cha 93 kinasema Bunge lina nyumba mbili, kisha vifungu vya 95 na 96 vinagawa kazi. Orodha hizo za kazi ni nzuri kwa mtihani wa shule. Ukitaka kujua nani ana nguvu kweli, angalia kura zinavyohesabiwa.

Idadi kwanza. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349: 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa wanawake 47 wa kaunti, na 12 walioteuliwa na vyama. Seneti ina watu 67: maseneta 47 waliochaguliwa, wanawake 16 walioteuliwa, wawakilishi wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Maspika hawamo katika hesabu hizo na hawapigi kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka.

Sasa chukua Nairobi na Lamu. Katika Bunge la Kitaifa, Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo bunge na mwakilishi wa wanawake, jumla 18. Lamu ina wa Mashariki, wa Magharibi na mwakilishi wa wanawake, jumla watatu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 143,920 Lamu, yaani sisi Wanairobi ni mara 30 yao. Ukiingia Seneti, pengo hilo linafutika: mambo ya kaunti yakija, Lamu ina kura moja na Nairobi ina kura moja. Wanairobi wengi huona hilo ni dhuluma. Mimi naona ndiyo maana pekee ya kuwa na Seneti. Kama ingefuata idadi ya watu, ingekuwa Bunge la Kitaifa lenye viti vichache.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Akidi ya Bunge la Kitaifa, yaani idadi ya chini inayotakiwa ukumbini ili kikao kiendelee, ni wabunge 50. Uamuzi wa kawaida hupita kwa wingi wa wale waliopo na wakapiga kura. Wakiwepo 50 na wote wapige kura, mswada unapita kwa kura 26. Hiyo ni takriban asilimia 7 ya wabunge wote, na sheria inayotoka hapo inambana kila Mkenya sawa na ile iliyopigiwa kura na ukumbi uliojaa. Akidi ikikosekana kengele hulia kwa dakika 10, viranja wa vyama wanakimbia kwenye korido na mikahawa ya Bunge kuwasaka watu, na 50 wakipatikana kazi inaendelea.

Seneti akidi yake ni 15 tu, na wengi hudhani basi kule mambo ni rahisi zaidi. Ni kinyume. Hao 15 wanatosha kuendesha mjadala, hawatoshi kupitisha jambo linalohusu kaunti. Kwa jambo kama hilo, Kifungu cha 123 kinasema seneta hapigi kura kama mtu binafsi. Ujumbe wa kaunti ndio unaopiga. Maseneta wote waliojiandikisha kama wapiga kura katika kaunti moja, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, ni ujumbe mmoja wenye kura moja. Kiongozi wake ni seneta aliyechaguliwa. Yeye ndiye hupiga kura baada ya kushauriana na wenzake, na asipokuwepo anamwachia kazi hiyo mmoja wa ujumbe wake. Asipomwachia yeyote, kaunti haina sauti, hata kama kuna seneta mteule wa kaunti hiyo ambaye ameketi ukumbini tangu saa nane unusu.

Na kizingiti si wingi wa waliopo. Ni wingi wa kaunti zote 47, yaani 24. Karani anaita kaunti moja moja, mkuu wa ujumbe anajibu. Tuseme 22 zimesema ndiyo, tatu zimesema hapana, na 22 zilizobaki hazipo. Hoja imeanguka, ingawa ndiyo zimezidi hapana mara saba. Aliyekwenda mazishini mashinani amepiga kura ya hapana bila kujua, au akijua vizuri sana. Ndiyo sababu ukisoma Hansadi ya Seneti, kumbukumbu rasmi ya vikao, unakuta mara kwa mara mjadala umekwisha, kila mtu amesema yake, halafu Spika anaahirisha upigaji kura hadi siku nyingine. Si uvivu. Wamehesabu vichwa wakaona hawafiki 24, na ni heri kungoja Jumanne kuliko kuua mswada kwa kukosa watu.

Kwa hiyo nyumba ndogo ina kizingiti kirefu kuliko nyumba kubwa: 24 kati ya 47 upande huu, 26 kati ya 349 upande ule. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kama ajabu za Bunge yanaeleweka.

Mswada wenyewe unapita wapi? Inategemea swali moja: unahusu kaunti au hauhusu? Usiohusu kaunti unabaki Bunge la Kitaifa peke yake. Unaohusu kaunti unaweza kuanzia nyumba yoyote na lazima upite zote mbili. Kifungu cha 110 kinataka Maspika wawili watatue kwa pamoja swali hilo kabla nyumba yoyote haijaanza kuushughulikia. Kwenye karatasi ni jambo dogo la barua kutoka ofisi moja hadi nyingine. Ukweli ni kwamba hapo ndipo vita vikubwa vya nyumba hizi vilipopiganiwa. Mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa Seneti mpya, Bunge la Kitaifa liliupeleka Mswada wa Ugavi wa Mapato kwa Rais bila kuyajali mabadiliko ya maseneta. Seneti ilikwenda Mahakama ya Juu, na Novemba 1, 2013 mahakama ikasema Seneti ilipaswa kuhusishwa. Oktoba 29, 2020, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, kisha ikatoa miezi tisa ya kurekebisha mambo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilipunguza makali ya uamuzi huo, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Kuna mtego mwingine usiosemwa sana. Seneta akileta mswada mzuri wenye gharama ndani yake, tuseme unaunda ofisi mpya au hazina mpya, Bunge la Kitaifa linaweza kusema huo ni mswada wa kifedha. Kifungu cha 109 kinasema mswada wa aina hiyo hauwezi kuanzia popote ila Bunge la Kitaifa. Miswada mingi ya Seneti huvuka ikiwa hai na kufia upande wa pili namna hiyo, kimyakimya, bila kura ya hapana hata moja. Muhula wa miaka mitano ukiisha, yote ambayo haijakamilika inazikwa pamoja. Seneta anayejua kazi huandika mswada wake ukitumia ofisi ambazo tayari zipo na bajeti ambayo tayari ipo.

Nyumba zikitofautiana juu ya mswada wa kawaida wa kaunti, Maspika huunda kamati ya upatanishi yenye idadi sawa kutoka kila upande. Kamati ina siku 30. Ikikubaliana, kila nyumba inapiga kura ya kukubali au kukataa nakala ile, bila kubadilisha hata neno moja. Siku zikiisha bila maafikiano, au nyumba moja ikiikataa, mswada umekufa. Mwaka 2019 tuliona maana yake. Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe Sh310 bilioni, Seneti ikataka Sh335 bilioni. Mswada wa kwanza ulikufa mikononi mwa wapatanishi, ukaletwa mwingine, na hadi wanakubaliana Sh316.5 bilioni ilikuwa Septemba, miezi zaidi ya miwili ndani ya mwaka wa fedha ulioanza Julai 1. Magavana walikuwa wanaendesha hospitali bila kujua watapata nini. Mwaka 2024 mvutano ulirudi baada ya Rais kukataa kuutia saini Mswada wa Fedha: sheria ilikuwa imeshatoa Sh400.1 bilioni, Hazina ya Kitaifa ikataka kushusha hadi Sh380 bilioni, na wapatanishi wakatua kwa Sh387.4 bilioni.

Fedha ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa hiyo tuzifuate polepole. Kuna ngazi mbili za kugawa. Ya kwanza ni kati ya serikali ya kitaifa na kaunti zote kwa jumla. Hiyo ni kazi ya Mswada wa Ugavi wa Mapato, na nyumba zote zinaugusa. Katiba imeweka sakafu: kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ikipimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Bunge la Kitaifa likichelewa kuidhinisha hesabu, asilimia 15 inapigwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, ambayo ni madogo. Ndiyo maana utasikia mbunge akijisifu kuwa kaunti zimepata asilimia 20 na zaidi, na seneta akijibu kuwa hiyo ni asilimia ya pesa za zamani. Wote wawili wanasema kweli.

Ngazi ya pili ni kati ya kaunti na kaunti: Turkana ipate ngapi, Kiambu ipate ngapi. Hapa Seneti ndiyo yenye mji. Kila miaka mitano inaamua kanuni ya kugawa, ikichanganya idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa ardhi na mengineyo. Bunge la Kitaifa lina siku 60 za kuipigia kura kanuni hiyo, likinyamaza, imepita. Kuibadilisha au kuikataa linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Mswada wa kila mwaka wa mgao wa kaunti nao ni mswada maalum, na ukishapita Seneti, Bunge la Kitaifa haliwezi kuugusa bila hao hao 233. Kupata wabunge 233 siku moja kwa jambo ambalo kila mmoja anaangalia kaunti yake ni kazi ngumu mno.

Lakini Seneti yenyewe inaweza kujifunga. Mwaka 2020 kanuni ya tatu ilikwama kwa miezi kwa sababu kila pendekezo lilikosa 24. Kaunti zenye watu wengi zilitaka watu wahesabiwe zaidi. Kaunti kavu zenye ardhi kubwa zilikuwa zipoteze mabilioni. Maseneta watatu walikamatwa na polisi katikati ya mvutano huo. Suluhu ya Septemba 17 haikutokana na ufasaha wa mtu. Walikubaliana kanuni mpya isianze hadi mgao wa jumla upande kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni, ili kaunti yoyote isipate pungufu ya ilivyokuwa ikipata. Waliongeza ugali badala ya kugombania vipande.

Mengine katika fedha ni mafupi. Makadirio ya matumizi ya wizara, mswada wa matumizi na mswada wa fedha ni vya Bunge la Kitaifa peke yake. Vivyo hivyo kuwapiga msasa mawaziri na mabalozi.

Kuwaondoa viongozi ni hadithi nyingine, na hapa Seneti inashika ufunguo wa mwisho. Kumwondoa Rais au Naibu Rais kunaanzia Bunge la Kitaifa kwa hoja inayoungwa mkono na theluthi moja ya wabunge, kisha theluthi mbili wapige kura ya ndiyo. Ndani ya siku mbili Spika anaiarifu Seneti. Ndani ya siku saba Spika wa Seneti anaitisha kikao cha kusomewa mashtaka. Seneti inaamua isikilize yenyewe au iunde kamati ya watu 11. Mwishoni zinahitajika theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67, na hapa kila seneta anapiga kura yake, mteule kwa mchaguliwa. Shtaka moja likifikisha 45, mtu amekwenda. Bunge la Kitaifa lilipiga kura dhidi ya Rigathi Gachagua, Naibu Rais wa wakati huo, Oktoba 8, 2024. Oktoba 17 Seneti ilikubali mashtaka matano kati ya 11. Watu walibishana kuhusu yale sita yaliyoanguka kana kwamba ni alama za mtihani. Kisheria hayakuwa na uzito wowote.

Kwa gavana utaratibu unafanana lakini hesabu ni nyingine. Bunge la kaunti linaanza kwa theluthi mbili, kisha Seneti inapiga kura kwa ujumbe wa kaunti: 24 wanatosha. Mike Sonko wa Nairobi aliondoka Desemba 2020 kwa kura 27. Mtazamaji mwerevu haangalii kura hiyo kwanza. Anaangalia uamuzi wa siku ya kwanza, kamati au kikao kizima. Kamati ya watu 11 ikisema mashtaka hayakuthibitishwa, mambo yameishia hapo na maseneta wengine hawapigi kura kabisa. Kawira Mwangaza wa Meru alinusurika mbele ya kamati Desemba 2022, akanusurika tena mbele ya kikao kizima Novemba 2023, na Agosti 2024 kikao kizima kikamwangusha. Wanasiasa wanaotaka gavana abaki hupigania kamati. Wanaotaka aende hutaka ukumbi mzima, mbele ya kamera.

Sasa la vitendo, kwa anayetaka maoni yake yahesabike. Fungua tovuti ya Bunge, pakua mswada, usome jalada: limeandikwa ni mswada wa Bunge la Kitaifa au wa Seneti, namba na mwaka. Baada ya kusomwa mara ya kwanza unapelekwa kwa kamati, na kamati hutangaza magazetini na mtandaoni tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Maoni yanakwenda kwa Karani wa nyumba ile yenye mswada wakati huo. Andika namba ya kifungu, maneno unayotaka yabadilishwe, maneno unayopendekeza, na sababu kwa sentensi mbili tatu. Barua ya kurasa sita ya kulaani serikali haina mahali pa kuwekwa katika ripoti ya kamati. Jedwali la mistari minne lina mahali. Na kosa ninaloliona kila mara: mswada unaohusu kaunti ukivuka kwenda nyumba ya pili, unasomwa upya na kamati ya huko inaita maoni upya. Vikundi vingi vilivyofanya kazi nzuri mara ya kwanza hulala wakidhani maoni yao yamesafiri pamoja na mswada. Hayasafiri. Yatume tena.

Ukitaka mtu wa kumwendea, basari ya sekondari na darasa jipya la shule ya msingi ni kwa mbunge, kwa sababu ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Mwakilishi wa wanawake ana hazina yake, NGAAF. Zahanati isiyo na dawa na chekechea bila mwalimu ni vya kaunti, mwone MCA, mwakilishi wa wadi yako katika bunge la kaunti. Seneta hana basari. Mpelekee maswali ya ukaguzi: ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yako, madeni ya wanakandarasi, mradi uliolipiwa ukabaki msingi. Kamati ya hesabu ya Seneti huwaita magavana juu ya ripoti hizo hizo, na swali lenye namba ya ukurasa humfaa seneta kuliko malalamiko ya jumla.

Kuna sehemu moja ambapo nyumba hizi mbili hazina ujanja wa kukwepana: kubadilisha Katiba kupitia Bunge. Mswada unangoja siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili katika kila nyumba, kisha unahitaji theluthi mbili kote, wabunge 233 na maseneta 45. Wabunge walipopitisha Julai 1, 2025 mswada wa kuiweka NG-CDF ndani ya Katiba, walijua watawahitaji hao 45. Ndani ya mswada huo huo wa kulinda fedha za wabunge imo pia hazina ya maseneta, ya usimamizi wa kaunti.